Kitabu cha Picha na Tonge Lake

Katika shule za Marekani imezoeleka ada ya mwalimu kuwasomea watoto kitabu cha picha, kisha akawagawia kitafunio kinachohusiana nacho, ili wapate kuwajua watu wenye asili ya nchi zisemazo Kihispania. Ada hii hushamiri baina ya 15 Septemba na 15 Oktoba, majira ya kuadhimisha urithi wa watu hao. Adhimisho lililoanza kuwa juma moja mwaka 1968, likafanywa mwezi mwaka 1988. Nia yake ni njema. Walakini wema wa nia si hukumu ya kazi. Yapasa kuulizwa kama tonge humrudisha mtoto kitabuni au humtoa humo.

Mfano ulio bora ni *Too Many Tamales*, kitabu cha Gary Soto kilichochorwa na Ed Martinez na kutolewa mwaka 1993. Maria, akimsaidia mama yake kukanda donge la mahindi kwa ajili ya Krismasi, anaivaa pete ya mama kwa siri. Baadaye anadhani imezama katika donge. Basi yeye na binamu zake wanazila tamali zote 24 wakiitafuta, kumbe pete i kidoleni mwa mwenyewe. Hapa chakula si pambo la hadithi, ndicho fundo lake. Hofu ya Maria, aibu yake na ungamo lake vyote vimefungwa ndani ya ganda la hindi. Mtoto aliyeishika tamali moja mkononi, akaifungua na kuila, aelewa kwa tumbo lake uzito wa tamali 24. Kitafunio cha namna hii ni ufafanuzi. Lakini mwalimu akigawa bisi za mahindi za pakiti, fundo limepotea: hakuna kukanda, hakuna kufungua, wala hapana pahali pa pete kujificha.

Jambo la pili laonekana katika *Pérez and Martina* cha mwaka 1932, kazi ya Pura Belpré, mkutubi wa New York aliyezaliwa Puerto Rico. Martina ni mende, Pérez ni panya mumewe. Pérez atumbukia katika chungu cha chakula kitamu akafa, na Martina abaki na majonzi. Kuwalisha watoto tamali za Meksiko baada ya hadithi hii ni kuchanganya mambo, kwa kuwa watu wa Puerto Rico wana *pasteles* zao, za ndizi mbichi na viazi vya aina aina vilivyokunwa, zikafungwa katika majani ya mgomba. Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Na lugha moja vivyo hivyo ina majiko mengi. Tena, je, yafaa utamu uzibe midomo ya watoto kabla hawajamlilia Pérez?

Hata hilo jina la Kihispania halitoshi kukieneza chakula chote. Neno tamali latokana na Kinahuatl, lugha iliyosemwa Meksiko kabla Wahispania hawajafika. Msomaji wa Kiswahili asishangae, kwani naye huita mahindi, kama kwamba yalitoka Uhindi, mmea ambao asili yake ni hiyo hiyo Meksiko. Majina ya vyakula huficha safari zao. Kazi ya mwalimu ni kuifichua.

Anayeweza kudhulumiwa na ada hii ni yule mtoto aketiye darasani ambaye watu wake ndio wanaosomwa. Akiona wenziwe wamekula, wamepangusa mikono na kusahau, atajifunza kuwa kwao ni mahali pa kuonjwa tu. Akiona tonge limewafanya wenziwe waulize habari za Maria na mama yake, atajua kwamba kwao kuna watu. Basi kitabu kitangulie, na tonge lifuate pale tu hadithi yenyewe inapolidai.