QGIS inanyamaza mahali ilipaswa kusema

Simu yangu ndogo inafungua picha za droni za Zanzibar haraka kuliko mashini yangu ilivyokuwa inafungua mashamba ya kakao ya upande wa Komanda. Niliona hilo usiku mmoja hapa Bunia na likaniudhi sana. Picha za Zanzibar zilianza kupigwa 2016, Unguja na Pemba, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na ziko wazi kwa kila mtu kwenye OpenAerialMap. Mimi nilikuwa na hektari 120 tu. Basi shida haikuwa ukubwa wa picha peke yake.

Wandugu, ninasema juu ya QGIS. Wengi wetu agronomu tunaitumia juu haiombi malipo, na hakuna siku nitamshauri mtu aiache. Lakini kitu unachokipenda nacho kinaweza kukukosea.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kuchora mipaka ya mashamba ya wapandaji wa kakao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 juu ya ukataji wa misitu inadai kakao ijulikane imetoka shamba gani, na shamba la zaidi ya hektari 4 linatakiwa mpaka wake mzima, nukta moja haitoshi. Mpandaji asiye na ramani anaweza kukosa mnunuzi. Na huku kwetu, tangu tuingie utawala wa kijeshi Mei 2021, kurusha droni si mchezo. Picha ukiisha kuipata, usitegemee kurudi kupiga nyingine. Unafanya na ile uliyo nayo.

Nikafungua picha. Skrini nyeupe. Nikangoja. Ikaja kipande kwa kipande, nikasogeza kidogo kufuata kijia, nyeupe tena. Jenereta ya jirani inanguruma, nachangia esanse, dakika zinaenda. Jioni tatu nikachora mashamba 11. Mkubwa mmoja wa kazi akaniambia, “Mdogo yangu, hiyo mashini imekufa, tafuta ya ramu 32.” Shauri hilo tunalisikia kila siku, na ndilo linafanya vijana wengi wenye akili waachie wengine kazi ya ramani. Mashini ya bei hiyo, mwenye licence bila kazi anaitoa wapi?

Tupige hesabu. Pikseli ya sentimita 5 maana yake ni pikseli milioni 4 kwa hektari. Hektari 120 ni milioni 480. Ukihesabu rangi tatu na tabaka la uwazi, ni karibu giga 2 bila kubana. Skrini yangu inaonyesha pikseli milioni moja na kidogo. Kumbe kila nikiomba kuona shamba lote, programu inapitia faili karibu yote ili itupe pikseli 479 katika kila 480. Hata ramu 32 haiondoi upuuzi huo, inaufanya tu upite haraka kidogo.

Dawa yake inaitwa piramidi. Ndani ya faili, ama pembeni yake, unaweka nakala ndogo za picha ileile: nusu ya upana, robo, sehemu ya nane, kuendelea. Ukitazama kutoka juu programu inachukua nakala ndogo. Ukikaribia jani inarudi kwenye picha yenyewe. Nakala zote pamoja zinaongeza kama theluthi moja ya pikseli, basi. Hiyo njo siri ya simu yangu na Zanzibar: picha zile zimeshakatwa vigae na kupewa piramidi kabla hazijanifikia.

Sasa lawama yangu. ArcMap, ile programu ya kulipia, ukiingiza picha kubwa isiyo na piramidi ilikuwa inakuuliza: nitengeneze? QGIS inafungua na kunyamaza. Uwezo iko nao, tena unatoka GDAL, maktaba ya bure iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, lakini kitufe kimefichwa ndani ya sifa za tabaka, ama kushe kama tunavyozoea kusema. Mtu asiyejua neno piramidi atakifikiaje? Swali moja tu lingeniokolea jioni tatu.

Ukifika hapo, chagua piramidi za nje, faili la .ovr. Za ndani zinaandika kwenye picha yako ya asili, na QGIS yenyewe inaonya kwamba hazitoki tena (hapo imekumbuka kusema!). Kwa picha ya kawaida chukua njia ya wastani. Kama umepewa vipande 40, usiviunganishe kuwa jitu moja: tengeneza VRT, faili dogo la maandishi linaloelekeza tu vipande viko wapi, kisha ulipe piramidi. Usihamishe vipande baadaye, itavipoteza. Kubana kwa JPEG ni sawa kwa kuchora mipaka, ila kwa kupima afya ya mimea hapana, juu inabadilisha namba zenyewe. Hapo tumia DEFLATE.

Na jambo letu la Ituri, ambalo vitabu havitatuandikia: meridiani ya 30 inapita katikati ya jimbo. Bunia iko UTM 36 Kaskazini, Komanda na Mambasa ziko 35. Mradi wangu ulikuwa umewekwa kwa Bunia, picha kwa Komanda, basi QGIS ilikuwa inaigeuza picha upya kila niliposogeza mkono. Nalo ilifanya kimya kimya.

Piramidi zilichukua dakika chache. Mashamba 63 yaliyobaki nikayachora jioni mbili, mashini ileile, ramu 4.

Nikampelekea yule mkubwa diski, picha na .ovr yake pamoja. Akafungua, ikatokea mara moja, akaniangalia kwa mashaka: “Umepunguza ubora wa picha, sivyo?” Nikamwambia akaribie mpaka aone ganda la kakao chini ya mti. Akakaribia.