Mtu Mdogo katika Filamu za Ealing

Ni chache studio za sinema za Uingereza zilizopendwa kama ile ya Ealing, magharibi mwa London. Michael Balcon aliiongoza tangu mwaka 1938, na majengo yake yakauzwa kwa BBC mwaka 1955. Filamu zake husifiwa zaidi kwa ucheshi. Makala haya yanadai kwamba dhamira yake kuu ilikuwa heshima ya mtu mdogo, kisha yanauliza heshima hiyo iliishia wapi.

Tuanze na "Went the Day Well?", iliyoongozwa na Alberto Cavalcanti mwaka 1942, vita vikiwa bado vinawaka. Mwanzoni mzee wa kijiji cha Bramley End anatuonyesha kaburi lenye majina ya Kijerumani, akisimulia kana kwamba vita vimekwisha na ushindi umepatikana. Kisha tunaona jinsi askari wa Kijerumani walivyoingia kijijini wakiwa wamevaa sare za jeshi la Uingereza. Usawiri wa wahusika hapa unastahili kuangaliwa kwa makini. Bwana mwenye hadhi, ambaye kijiji kizima kinamwamini, ndiye msaliti. Wanaokiokoa kijiji ni wale wasiohesabiwa. Mama wa posta anammwagia adui pilipili machoni na kumwua kwa shoka. Mtoto anaponyoka kupeleka habari. Jangili, mtu aliyezoea kuwinda kwa siri bila ruhusa, anautoa uhai wake ili mtoto huyo apite.

Vita vilipokwisha, dhamira hiyo ilivaa vazi la kejeli. Katika "Passport to Pimlico" ya mwaka 1949, iliyoandikwa na T. E. B. Clarke, bomu lililosalia linalipuka na kufukua hazina pamoja na hati ya kale. Hati inathibitisha kwamba mtaa ule, kisheria, ni sehemu ya Burgundy. Mara wakazi wanazichana kadi za mgao. Furaha yao haidumu. Walanguzi wanaufurika mtaa, na msomaji wa Uganda anayeikumbuka miaka ya 1970 hahitaji kufasiriwa neno magendo. Serikali inafunga mpaka na kukata maji, nao watu wa London wanawarushia majirani zao chakula juu ya uzio. Mwishowe wenyeji wanarudi Uingereza na kuzipokea kadi mpya kwa shangwe.

Wapo wanaouona mwisho huo kuwa woga. Mimi nauona vingine. Mgao wa chakula uliendelea hadi mwaka 1954, kwa hiyo hadhira ya kwanza ilikuwa ikiishi chini ya kadi zile zile. Filamu haikuwaambia watii tu. Iliwaonyesha watu waliokataa sheria, wakaonja soko lisilo na sheria, wakajadiliana na wakubwa, kisha wakakubali kwa hiari yao. Utii wa aina hiyo hauna unyonge.

Mwaka 1951 studio hiyo ilitoa "Where No Vultures Fly", iliyoongozwa na Harry Watt na kupigwa picha nchini Kenya. Mhusika mkuu ni bwana nyama wa Kizungu anayepigania kuanzishwa kwa hifadhi ya wanyama. Tuseme haki: mkuu wa biashara haramu ya pembe katika filamu hiyo ni Mzungu, wala Waafrika hawakubebeshwa lawama yote. Hata hivyo, uamuzi wa kuitenga ardhi unatoka kwa bwana nyama na serikali yake. Swali lililowapa watu wa Pimlico utu wao, yaani sheria hii ni ya nani, halikupewa mwenyeji aliulize kwa kinywa chake.

Mlinganishe jangili na jangili. Sisemi kwamba kumwua tembo ni sawa na kumtega sungura. Tembo anastahili kulindwa. Lakini jangili wa Bramley End ana jina, ana mzaha, na kifo chake kinatuuma. Mwenzake wa Kenya hana simulizi yake mwenyewe. Watunzi wa Ealing waliijua mitaa yao kwa ndani, wakawasikia watu wake wakinung'unika dukani na kilabuni. Kenya waliiona mandhari kwanza na watu baadaye. Kasoro hiyo ni ya maudhui wala si ya fani, maana picha zenyewe ni nzuri.

Walimu wenzangu, sishauri filamu hiyo iachwe. Nashauri ionyeshwe juma moja na ile ya mwaka 1942, na wanafunzi wapewe kazi ndogo: waandike ni nani anayesema katika kila onyesho, anasema na nani, na uamuzi unafanywa na nani. Baadaye wamtungie jangili wa Kenya hotuba ya dakika mbili, kwa Kiswahili, mbele ya bwana nyama.