Uhakiki wa Picha za Usiku za Barabara Kuu ya Thika

Sehemu hii inahakiki picha za usiku za Barabara Kuu ya Thika, Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2012. Picha hizo hupigwa kwa kuacha lenzi wazi kwa sekunde 10 hadi 30, kamera ikiwa imetuama juu ya stendi. Taa za mbele za magari huchora mikanda myeupe, na za nyuma mikanda myekundu. Ni rahisi kuisoma mikanda hiyo kama ishara ya kasi na maendeleo.

Usomaji huo una upungufu. Kwanza, mkanda wa nuru hauthibitishi kasi. Gari linalojikokota kwa kilomita 20 kwa saa husogea takriban mita 167 katika sekunde 30. Nalo huacha mkanda usiokatika. Hivyo, foleni yaweza kuonekana kama mbio. Pili, mbinu hii hufuta watu. Daguerre alipopiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, wapita njia walitoweka. Akabaki mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Kule, kutulia ndiko kulikomhifadhi mtu. Barabarani Thika, chenye mwendo huhifadhiwa pia, mradi kina taa. Anayevuka kwa miguu gizani hana taa wala hatulii. Kwa hiyo hachoreki.

Inadhihirika kuwa picha hizi husifu barabara kwa kuwaondoa baadhi ya watumiaji wake. Mhakiki hana budi kuihesabu hasara hiyo kabla ya kuusifu uzuri wake.