Taa Inamulika Nini? Maoni Kuhusu Picha za Usiku za Kikundi Chetu

Mwezi uliopita tulibandika picha 14 kwenye ukuta wa kituo cha vijana. Zote ni za usiku, na zote zimechorwa mraba kwa mraba kwenye karatasi za daftari la hesabu. Waliokuja kuziangalia wengi walisema "nzuri, nzuri," wakapita. Mimi ndiye ninayesimamia kikundi hicho na naona "nzuri" haitoshi. Mtu akikaa wiki tatu anajaza miraba kwa kalamu, anastahili kuambiwa wapi amefaulu na wapi bado. Basi nitasema. Na kosa langu pia nitalisema, maana kubwa kuliko yote lilikuwa la kwangu.

Kwanza niwaeleze wasiojua. Picha kwenye kioo cha kompyuta ni nukta ndogo ndogo zinazoitwa pikseli. Siku hizi ni ndogo hata huzioni. Zamani zilikuwa chache na kubwa, mchoraji alizipanga moja moja kama mtu anayesuka mkeka. Mpaka leo kuna watu duniani wanachora hivyo kwa kupenda, na usiku ni kitu wanachokipenda sana: mvua, dirisha moja lenye taa, njia tupu. Sisi laptop ya kituo ni moja, na sola ikichoka nayo inazima. Kwa hiyo mraba wa daftari ndio pikseli yetu.

Mfano niliowaonyesha vijana ni gemu moja ya Marekani, The Secret of Monkey Island, iliyotolewa mwaka 1990 na Lucasfilm Games. Aliyeongoza kazi ni Ron Gilbert, na mmoja wa waliochora mandhari zake ni Mark Ferrari. Toleo la kwanza lilikuwa na rangi 16 tu, kwenye kioo cha nukta 320 kwa 200. Piga hesabu: nukta 64,000, basi. Na hizo rangi 16 mchoraji hakuzichagua, mashine ndiyo ilizipanga. Ni rangi kali kama za pipi: njano ya kupiga kelele, waridi, kijani cha kuumiza macho. Kwa rangi hizo wakachora kisiwa kinachoitwa Mêlée, ambako sehemu nzima ya kwanza ya gemu inatokea usiku. Saa ya mji ule haisogei, siku zote inaonyesha saa nne usiku. Na ukiangalia picha zake unaamini kabisa kwamba ni saa nne, watu wa heshima wamelala na wengine ndiyo kwanza wanatoka.

Waliwezaje? Jambo la kwanza ni kwamba usiku wao si mweusi. Ni wa bluu. Nyeusi ipo, lakini wameiweka kwenye miamba na pembe za nyumba, mahali ambapo kitu kinaziba mwanga. Mbingu na ardhi ni bluu. Wakitaka bluu nzito kuliko ile waliyopewa, wanapanga nukta ya bluu, nukta nyeusi, bluu, nyeusi, kama ubao wa drafti. Ukikaa mbali jicho linachanganya lenyewe na kupata rangi ya 17 ambayo haipo. Sisi tulijaribu kwa kalamu ya Bic ya bluu na ya nyeusi, ikakubali. Kijana aliyekuwa analalamika kwamba hana rangi alinyamaza siku ile.

Jambo la pili: mwanga wao una kazi. Hakuna taa iliyowekwa kwa urembo. Pale juu kilimani anaposimama mzee mlinzi, kuna moto, na moto ndio unakwambia nenda ukaongee na huyu. Pale bandarini madirisha ya baa ni ya njano katikati ya bluu yote ile, na hapo ndipo unatakiwa kuingia. Mchezaji hajaambiwa neno, dirisha limeshamwita. Baadaye lilikuja toleo la rangi 256. Ni laini zaidi, vivuli vinateleza vizuri, lakini mimi nalipenda lile la 16. Kwenye rangi chache kila nukta ya njano ina thamani, na mchoraji hawezi kuitupa ovyo.

Kwetu jambo hili lina nguvu zaidi, kwa sababu kwenye karatasi mwanga ni mraba ambao hukuugusa. Ukishapaka kalamu huwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo lazima ujue mwanga wako uko wapi kabla hujaanza giza. Nusu ya picha zetu zimeanguka hapo. Mchoraji alianza na giza, akafika katikati ndipo akakumbuka taa, akaitia kwa kalamu nyekundu. Ile si taa, ni doa.

Sasa nizitaje tatu. Ya kwanza sitakaa nayo sana: mji wa maghorofa na mabango ya rangi, gari linaruka. Mkono wa mchoraji ni mzuri, mistari imenyooka, lakini kila dirisha linawaka, kwa hiyo hakuna linalowaka. Ameona picha ya namna hiyo kwenye simu akaipenda, hilo si kosa. Apunguze tu madirisha, abakize manne.

Ya pili ni Ziwa Tanganyika usiku. Imechorwa na kijana wa miaka 15 aliyezaliwa hapahapa kambini, ziwa amelisikia kwa bibi yake tu. Aliweka mwezi mpevu upande wa kulia, mkubwa, na mitumbwi sita upande wa kushoto, kila mmoja na taa yake ya kuvulia ndagala. Mimi niliona kuna kitu hakikai, nikasema mwezi na taa vinapigana, jicho halijui limfuate nani. Mama mmoja wa Baraka anayeuza ndagala sokoni alipita, akaangalia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mvuvi wako atarudi na mtumbwi mtupu." Akatufundisha: mwezi ukiwa mkubwa taa haikusanyi samaki, maana ziwa lote lina mwanga. Siku hizo wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Taa zinatoka usiku wa giza.

Kijana akachora upya bila mwezi. Jamani, mnaweza kwenda kuiona. Bluu na nyeusi peke yake, halafu nukta sita za karatasi tupu, na chini ya kila nukta mkia mwembamba unaocheza majini. Nilichokuwa natafuta kwa kanuni za uchoraji, yule mama alikijua kwa kazi yake. Tangu siku hiyo nimemwomba awe anapita kila tukibandika picha.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ni ya msichana wa miaka 16. Kulia kabisa, ukingoni, kuna nguzo ya taa ya sola. Chini ya taa kuna kibao cha mradi, miraba yake mieupe safi, ndicho kitu king'avu kuliko vyote. Njia inaanzia hapo, inapita kati ya nyumba za turubai, inaingia kushoto kwenye weusi. Theluthi nzima ya karatasi ni nyeusi. Amepaka kalamu nyeusi juu ya bluu, akakandamiza mpaka karatasi inang'aa.

Nilimwambia ina makosa mawili. Moja, mwanga mkubwa umewekwa ukingoni, unalitoa jicho nje ya picha. Mbili, hapa kushoto umetuachia shimo, na nimeshafundisha kwamba usiku si mweusi. Nikamwambia aisogeze taa katikati, imulike njia.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kaka, mimi sikupanga. Taa iko vile."

Mimi nikamwambia picha ni picha, achore tena. Akachora, kwa heshima tu nadhani. Taa katikati, njia inang'aa, mwisho wa njia choo na mlango wake vinaonekana vizuri. Ilikuwa safi kabisa, kama kalenda. Wenzake waliiangalia wakauliza, "Hapa ni wapi?"

Jioni ile, saa mbili usiku, nilienda mwenyewe. Nimeishi kambi hii miaka mingi, njia ile naijua, lakini mimi ni mwanaume, sijawahi kuihesabu hatua. Nikasimama chini ya taa. Kibao kinasomeka herufi kwa herufi. Nikageuka upande wa vyoo, sikuona kitu. Na giza lile lilikuwa zito kuliko kwingine kwa sababu ya taa yenyewe. Ukiwa kwenye mwanga mkali mboni ya jicho inajibana, na ukitoka inataka muda ifunguke. Nilitoka, nikasimama, nikangoja. Baada ya muda ukaja mstari wa bluu, pembeni mwa mlango.

Kesho yake nikamwomba radhi, nikamwambia picha ya kwanza ndiyo itakwenda ukutani. Lakini ualimu hauishi, nikaongeza: irudie tu kidogo, uache mstari wa bluu pale mlangoni, nimeuona kwa macho yangu.

Akasema, "Wewe ulisimama ukangoja. Sisi hatusimami pale."

Sikuwa na la kujibu. Kanuni ya bluu ni nzuri na nitaendelea kuifundisha. Lakini kanuni ile ni ya mtu aliye na nafasi ya kutulia macho yake yazoee. Kisiwa cha Mêlée kilichorwa ili mchezaji atembee bila hofu ya kweli, na taa zake zinampeleka anakotaka kwenda. Picha hii imechorwa na mtu anayekatiza mbio, au asiyekwenda kabisa mpaka asubuhi. Taa yake inakupeleka kwenye kibao. Nilichokiita kosa la mpangilio ni mpangilio wa kambi yetu, na yeye aliunakili bila kuongeza wala kupunguza. Kati ya picha 14, hii ndiyo bora. Sisemi hivyo kwa huruma. Nasema kwa sababu kila mraba mweupe na kila mraba mweusi una sababu ya kuwa pale ulipo, na picha nyingine 13 haziwezi kusema hivyo, hata ile ya ziwa.

Siku ya maonyesho mgeni mmoja wa shirika alisimama mbele yake muda mrefu. Akanyoosha kidole upande mweusi, akauliza, "Hapa kuna nini? Mbona hujamaliza?"

Msichana akajibu, "Hapo ni chooni."

Mgeni akapiga picha kwa simu, akaandika kitu. Mpaka naandika hivi, taa bado iko palepale.

Picha zitabaki ukutani mpaka mvua zianze, maana ukuta ule unavuja. Mkija, msiangalie haraka. Kikundi kinakutana Jumamosi saa nane mchana, na kalamu za bluu zinatuishia kwa kasi, mwenye nayo alete. Ndugu zetu wa mashirika nao karibuni, ila kwa heshima nawaomba mje mara mbili: mara moja mchana muone picha, na mara moja saa mbili usiku, tutembee ile njia pamoja.