Pepo Bubu au Kifafa?

Swali lisilokosekana katika mijadala ya wasomaji wa Biblia ni hili: je, pepo wanaotajwa humo ni viumbe halisi, au ni fumbo tu la maovu na maradhi yanayomsibu mwanadamu? Hatukusudii kuingilia kazi ya mapadri na wachungaji. Sisi ni walimu wa lugha, nasi tungependa kulipima swali hili kwa kipimo cha kazi yetu, yaani kwa kuyasoma maandishi yenyewe. Tumechagua kisa cha baba aliyemleta mwanawe mgonjwa mbele ya Yesu, kama kilivyo katika sura ya 17 ya Injili ya Mathayo na sura ya 9 ya Marko.

Aisomaye Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 atashangaa kidogo. Katika Marko, baba anasema mwanawe ana pepo bubu. Katika Mathayo, anasema ana kifafa. Mtoto ni yule yule, na kuanguka kwake ni kule kule. Hili si kosa la wafasiri. Katika Kiyunani, Mathayo ametumia neno lililotokana na mwezi, kwa kuwa watu wa kale walidhani ugonjwa huo huufuata mwezi. Tena Mathayo huyo huyo, katika sura ya 4, anapoorodhesha wagonjwa, anawatenga wenye pepo na wenye kifafa. Hata hivyo, mtoto huyu wa kifafa anapona kwa kutokwa na pepo. Ni dhahiri kwamba mwandishi aliyajua majina yote mawili, wala hakuona lazima ya kulitupa moja.

Basi wale wanaoshikilia kuwa kila aangukaye ana pepo wameisahau orodha ya Mathayo. Lakini hata wale wa upande wa pili hatuwezi kuwafuata moja kwa moja. Mwaka 1941 mwanatheolojia Mjerumani Rudolf Bultmann alitoa hoja kwamba mtu atumiaye umeme na redio hawezi tena kuamini ulimwengu wa pepo. Hoja hiyo ina uzito wake, ila haielezi maisha ya kwetu, ambako mtu husikiliza redio asubuhi na jioni akaenda kupungwa pepo. Wala si kweli kwamba watu wa kale wote walikuwa na fikira moja: kitabu cha Kiyunani kilichohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, cha karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo, kilikwisha kudai kuwa kifafa ni ugonjwa wa ubongo wenye sababu za kimaumbile. Zaidi ya hayo, kumwita pepo fumbo hakumpunguzii baba yule mzigo. Moto alioangukia mwanawe haukuwa fumbo.

Kwa maoni yetu, ufunguo wa kisa uko katika mambo matatu ambayo msomaji mwenye haraka huyapita. Kwanza, Yesu anamwuliza baba hali hiyo ilianza lini, swali ambalo hata daktari angeliuliza. Pili, anayekemewa ni pepo. Mtoto hakemewi hata kwa neno moja. Tatu, mtoto alipolala kama maiti na watu wakasema amekufa, Yesu alimshika mkono akamwinua. Iwe pepo ni kiumbe au ni fumbo, maandishi yenyewe yamemtenga mtoto na kilichomtesa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, Tanzania, katika miaka ya 1960, alikuta wengi wenye makovu ya moto. Walipoanguka jikoni, watu waliogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa. Leo tunajua kuwa kifafa hakiambukizwi kwa kugusana, na kwamba wagonjwa wengi hutulizwa kwa dawa za kumeza. Hata hivyo bado wako watoto wanaofungwa kamba, kupigwa na kunyimwa dawa, eti pepo atoke. Anayefanya hivyo hudai kuwa ameyasoma maandiko kwa maana yake ya dhahiri. Sisi twasema hakuyasoma kabisa, kwani amempiga yule ambaye maandiko yamemshika mkono.

Walimu wenzetu, kisa cha Marko kinaanza kwa mabishano: waandishi wanajadiliana na wanafunzi wa Yesu katikati ya umati, na kumbe mgonjwa yupo pale pale. Mjadala wa pepo halisi na pepo wa mfano utaendelea, na ni haki uendelee. Lakini mwanafunzi akianguka darasani kwetu, tumwondoe penye hatari, tumlaze ubavu, tukae naye mpaka azinduke. Kisha tuwashauri wazazi wake wampeleke hospitali. Mabishano yatatungoja.