Kikinza si Kizuizi

Wako wafasiri wanaokiita kizuizi kile kijipande cha kielektroniki ambacho mafundi wa redio hukiita rizista. Hatukubaliani nao. Kizuizi cha barabarani husimamisha gari. Kijipande hiki hakisimamishi umeme, bali huupunguza tu. Kinachouzuia ni kihami, kama ile plastiki inayofunika waya.

Tuchukue darasa la Kakese, wilayani Mpanda. Mwalimu ana betri ya volti 12 na taa ndogo ya diodi nyekundu, inayohitaji volti 2 na ampea 0.02. Kwa kanuni aliyoitangaza Ohm mwaka 1827, volti 10 zinazobaki zikigawanywa kwa 0.02 hupatikana omu 500. Mwanafunzi aliyeambiwa aweke kizuizi ana haki ya kushangaa taa inapowaka. Naye akikiondoa ili umeme “upite”, taa huungua.

Twapendelea kikinza, litokanalo na kitenzi kinza, yaani kupinga. Huafikiana na ukinzani, ile sifa ipimwayo kwa omu. Kizuizi halina jamaa wa namna hiyo. (Pingamizi limekwisha kutwaliwa na mahakama.) Rizista tusiwanyang'anye mafundi: dukani ndilo limletealo mnunuzi kifaa anachokitaka.