Ukimya Uko Ukurasa wa Ngapi?

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kongamano moja la elimu nikasikiliza wasilisho lililopigiwa makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mtafiti alikuwa ametembelea shule kumi na mbili kwa siku sita. Alikuwa na majedwali ya rangi, na chini ya jedwali la mwisho aliandika kwamba wanafunzi walishiriki kikamilifu katika somo. Msomi mmoja akasimama kusifu utajiri wa data zake za ushuhudiaji. Nikatoka nje, maana kifua kilinibana. Shule mbili kwa siku, na safari ya kutoka moja kwenda nyingine humo humo, halafu tunaambiwa huyu ameshuhudia. Kilichoniuma zaidi ni wale vijana waliojaa viti vya nyuma, wanaoandika tasnifu zao mwaka huu. Wameondoka wakijua kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri.

Kwa hiyo nawaandikia wao, na wasimamizi wao.

Anza na kiti. Muulize mtafiti alikaa wapi. Akisema nyuma ya darasa, ujue ameshuhudia mwalimu na visogo arobaini. Mahali pa kukaa ni pembeni, upande wa dirisha, usawa wa dawati la tatu, unapoona nyuso na ubao kwa pamoja. Kalamu iwe ya risasi, na daftari liwe lile lile wanalotumia wanafunzi. Tableti ibaki ofisini kwa mkuu wa shule. Hayo sina mjadala nayo.

Wiki ya kwanza hutupwa yote. Mwalimu anakuona mthibiti ubora, hata umwambie nini. Andalio la somo limeandikwa usiku, zana zimetolewa kabatini, na mada imeshafundishwa jana ili leo itiririke. Utaitambua kwa majibu yanayotoka kabla swali halijaisha. Mnamo siku ya nane hivi mwalimu anaingia amechoka, andalio hana, anakusalimu kama mtu wa nyumbani, na hapo ndipo kazi inapoanza. Harry Wolcott alimfuata mwalimu mkuu mmoja tu huko Marekani kwa takriban miaka miwili, hadi watu wa shule wakampachika jina la Kivuli. Kitabu alichokitoa mwaka 1973 juu ya mtu huyo mmoja bado ndicho kipimo changu.

Daftari zuri halina vivumishi. "Mwalimu mchangamfu" si data. Alifika madawati ya nyuma mara mbili, akacheka mara moja, akamwita mwanafunzi mmoja tu kwa jina: hizo ni data. Kuhusu ushuhudiaji shiriki na usio shiriki, ambao wanafunzi huujazia nusu ya sura ya tatu, Raymond Gold aligawa nafasi nne za mtafiti mwaka 1958 na inatosha kusema wewe ulisimama katika ipi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanagenzi hulikosa daima, wote, hata wale wenye akili kunishinda. Wanaandika kilichosemwa. Hawaandiki ukimya.

Nilikuwa nikishuhudia darasa la Kidato cha Kwanza, somo la baiolojia, kipindi cha tatu. Mwalimu akauliza swali kwa Kiingereza kuhusu mizizi na maji. Kimya. Sekunde ya pili, msichana wa dawati la nne akamgusa jirani yake kwa kiwiko na kunong'ona, "Anasemaje?" Sekunde ya tano, macho ya mstari mzima yakashuka kwenye madaftari ambayo hayakuwa na kitu. Sekunde ya saba, mvulana wa dirishani akasema jibu kwa Kiswahili, sahihi kabisa, kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu. Sekunde ya tisa mwalimu akajijibu mwenyewe, akaandika ubaoni, akauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitika ndiyo, kwa ile sauti ndefu inayopanda mwishoni.

Mwenzangu aliyekuwa na orodha hakiki alitia vema mara mbili: mwalimu aliuliza maswali, wanafunzi waliitikia. Wala hakudanganya. Lakini somo lenyewe lilikuwa ndani ya zile sekunde tisa, pamoja na mtoto ambaye kwenye jedwali atahesabiwa kuwa hajui. Watafiti wa LOITASA, mradi uliounganisha Tanzania, Afrika Kusini na Norwei kuanzia mwaka 2002, walifanya kazi kubwa ya kulinganisha madarasa yanayofundishwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ukitaka kuingia kwenye mjadala huo bila kupima ukimya, bora usiingie.

Ned Flanders mwenyewe aliteleza hapo. Mfumo wake wa kuchambua mazungumzo ya darasani una vipengele kumi, saba vya maneno ya mwalimu, viwili vya mwanafunzi, na mshuhudiaji anaandika namba kila baada ya sekunde tatu, yaani namba 800 kwa kipindi cha dakika 40. Ni kazi ya nidhamu na naiheshimu. Lakini kipengele cha kumi kinabeba ukimya na vurugu kwa pamoja. Darasa linalofikiri na darasa linalopigana vikumbo yanapata namba moja! Ilibidi aje Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda za masomo ya sayansi, kuonyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja tu au pungufu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, majibu ya watoto hurefuka na waliokuwa kimya huanza kusema. Rowe alitofautisha pia kituo cha pili, kile kinachofuata jibu la mtoto, kabla mwalimu hajasema "vizuri" au "mwingine". Mtafiti akinionyesha kituo hicho cha pili kwenye daftari lake, namvulia kofia.

Marehemu mzee aliyenisimamia alihesabu kwa vidole. Kidole gumba hugusa ncha ya kidole cha shahada, kisha cha kati, cha pete, cha mwisho, halafu kinarudi, mguso mmoja kwa sekunde, mkono ukiwa chini ya daftari. Saa hakuitazama kamwe, kwa sababu mwalimu akikuona unatazama saa huharakisha, na ule ukimya uliokuwa unaupima umeshauua. Kabla hajaturuhusu kuingia darasani alitupeleka kituo cha daladala siku tatu mfululizo. Tulihesabu tangu konda anapoita hadi abiria wa kwanza anapokanyaga ngazi, kisha tukalinganisha. Wawili wakitofautiana sekunde mbili, wote tunarudia. Siku hizi naletewa rasimu zenye kapa ya Cohen, kipimo cha kukubaliana kwa washuhudiaji wawili, iliyokokotolewa hadi desimali ya tatu, na ukiuliza nani alikuwa mshuhudiaji wa pili, hakuna.

Walaghai wana alama zao. Fomu thelathini zenye wino mmoja na mkazo mmoja wa mkono zilijazwa mezani gesti. Fomu isiyo na mkunjo haijawahi kufika shule. Niliwahi kupokea seti nzima iliyopangika vizuri, yenye saa za kuanza na kumaliza kila kipindi, na tatu kati yake zilikuwa za tarehe 26 Aprili. Siku ya Muungano shule zote zimefungwa. Kijana yule alikuwa na kipaji, na hilo ndilo lililonihuzunisha.

Zamani tulilala kwa walimu. Jioni tulichota maji nao, tukala ugali wao, na usiku tukaandika shajara ya uwandani kwa mwanga wa chemli kabla ya usingizi, kwa sababu mzee alisema daftari lisilosafishwa usiku ule ule limeoza. Mwalimu aliyekulisha hukwambia kesho yake kwa nini hakumsubiri yule mtoto: mtihani uko karibu na mada zimebaki kumi na moja. Hakuna orodha hakiki yenye kisanduku cha jambo hilo.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja ameniletea daftari lake la kwanza. Kingo zimekunjamana, ukurasa wa sita una doa la chai. Amesahau idadi ya wanafunzi na hakuchora ramani ya madawati. Lakini katikati ya ukurasa wa saba, kwa risasi hafifu, ameandika: "sek. 11. Mv. wa mwisho anatikisa midomo. Mw. anafuta ubao." Nikamwambia arudi kule kwa wiki mbili zaidi, akae karibu na yule wa mwisho.